Usiyaache mavi ya ng'ombe: nikeli na kobalti kwenye mtambo wa biogesi

Mtambo wa biogesi uliozoea mavi ya ng'ombe ukihamishiwa ghafla kwenye mabaki ya hoteli peke yake, mara nyingi huanza kwa kishindo. Ugali, wali na mafuta yaliyobaki kwenye sahani yana nguvu nyingi kuliko mavi, ambayo ng'ombe ameshachukua sehemu yake. Baada ya muda moto unafifia, tope linanuka siki, na fundi anaitwa kutafuta ufa kwenye kuba. Ufa unaweza kuwepo, lakini kabla ya kuchimba, fikiria madini.

Ndani ya mtambo, kundi la kwanza la bakteria huvunja wanga, protini na mafuta hadi kuwa asidi nyepesi, hasa ile ya siki. Kundi la mwisho, arkea (vijidudu wanaofanana na bakteria), hugeuza asidi hizo na haidrojeni kuwa methani. Kwa kawaida karibu asilimia 70 ya methani hutokana na asetati, yaani ile asidi ya siki. Kundi hili hukua polepole, na vimeng'enya vyake vinadai metali ambazo makundi mengine yanazihitaji kwa kiasi kidogo tu.

Kimeng'enya kinachoitoa methani yenyewe kina molekuli ya njano iitwayo F430. Ni pete ambayo naitrojeni nne zimeshikilia atomi moja ya nikeli katikati. Nikeli hiyo hufanya kazi ikiwa na chaji ya +1 tu, na oksijeni huiharibu papo hapo, ndiyo maana hewa ikiingia kazi inasimama. Pete za ukoo huo huo hushika magnesi kwenye kijani cha jani la mgomba, chuma kwenye damu, na kobalti kwenye vitamini B12. Kobalti nayo imo kazini humu: hulibeba kundi la methaili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) na kulifikisha mahali ambapo nikeli italipokea. Chuma kilichofungana na salfa hupitisha elektroni karibu kila hatua.

Mavi huja na metali hizi kutoka kwenye majani, vumbi la udongo na jiwe la kulamba. Kobalti huwekwa kwenye jiwe hilo kwa sababu bakteria wa tumboni mwa ng'ombe wanaitumia kutengeneza B12. Kule Nakuru, Kenya, ng'ombe waliwahi kudhoofika malishoni kwa ukosefu wake tu. Wali na ugali vina kobalti kidogo mno.

Kwa hiyo, kwa anayekusanya mabaki ya hoteli Moshi mjini au Arusha, ushauri wetu ni kuacha angalau theluthi ya mlo, kwa uzito, iwe mavi. Mtambo wa mita za ujazo 6 wenye mavi matupu hula takribani kilo 40 kwa siku pamoja na maji lita 40. Ongeza mabaki kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ukipima tope kwa karatasi ya pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikishuka, uchachu umezidi). Kati ya 6.8 na 7.5 endelea. Ikishuka chini ya 6.5, acha kulisha kabisa, kisha rudi na mavi mabichi. Chokaa hupandisha pH, lakini hairudishi nikeli.

Harufu ya mayai viza ni jambo jingine. Nyama, mayai na maharage hutoa salfaidi, yaani salfa yenye harufu hiyo, nayo hukamata nikeli, kobalti na chuma na kuzizamisha kama mashapo meusi. Metali zimo, ila vijidudu hawazifikii vizuri. Punguza vyakula hivyo. Kwenye bomba la gesi weka kopo lenye kutu ya chuma, kwa mfano vipande kutoka karakana ya kuchonga vyuma. Kutu hunasa salfaidi na kuokoa jiko. Unapovitoa, vitandaze nje mbali na moto, maana vikipata hewa hupata joto kali na vinaweza kuwaka.

Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, usiingie mtamboni hata kidogo. Wakulima wa kahawa vihambani wanaufahamu, na wafugaji huutumia kuoshea kwato. Shaba nyingi huua arkea, hivyo maji ya kuoshea bomba la kunyunyizia yasimwagwe kwenye tundu la kulishia.

Lignini, yaani sehemu ngumu kama ya mti iliyomo kwenye mabua na maganda ya kahawa, hutoka na tope karibu kama ilivyoingia, kwa sababu vimeng'enya vinavyoivunja vizuri vinahitaji oksijeni au peroksidi. Kazi hiyo ni ya kuvu. Uyoga mamama, kwa mfano, hutoa vimeng'enya vya aina hiyo: lakesi yenye atomi nne za shaba, na peroksidesi inayotumia manganisi. Kwa hiyo maganda yaozeshe nje, penye hewa: tandaza tope kwa tabaka juu yake, lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ligeuze kila wiki mbili, na lifunike kwa majani ya mgomba mvua za masika zikianza.