Teksi ya Arras

Kutoka Paris hadi Arras treni ya kasi haimalizi saa nzima, na ni hapo tu nilipoona thamani ya pesa yangu. Jumapili mji umelala. Kahawa moja ya stesheni ina bei ya sahani ya pilau, choo cha kulipia, basi la vijijini hakuna. Nami nilitaka kufika kijiji cha Favreuil, alikouawa Walter Tull, mwanasoka Mweusi wa Uingereza aliyekuwa ofisa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Nikaingia teksi, macho kwenye mita.

Dereva alinisikia nikiongea na mke wangu kwenye simu, akageuka. "Yaya, weye ni mutu wa wapi?" Mtu wa Lubumbashi! Nikamjibu kwetu Tabora. Akapiga usukani kwa kicheko: "Tabora? Bankambo betu balifika kule na bunduki!" Ni kweli, Septemba 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji waliutwaa mji wetu kutoka kwa Wajerumani. Nikamdai fidia hapo hapo, apunguze nauli. Akakataa.

Habari za Tull dereva hakuwahi kuzisikia, basi nikamsimulia njia nzima. Baba seremala kutoka Barbados, mama Mwingereza, wote wakafa mtoto akiwa mdogo, akalelewa kituo cha yatima London. Mwaka 1909 klabu ya Tottenham wakamsajili. Oktoba ya mwaka huo huo, kule Bristol, mashabiki wakamtukana kwa rangi yake mechi nzima, na haukupita muda akashushwa timu ya akiba. Klabu ya Northampton ndio waliomthamini, akawachezea mechi zaidi ya 100. Vita ilipoanza akajiunga na kikosi cha wanasoka, na Mei 1917 akapewa uofisa, ingawa kanuni za jeshi ziliwazuia watu wasio wa asili ya Kizungu. Akaongoza Wazungu vitani, Italia kisha Ufaransa.

Favreuil ni mashamba tu. Tull alipigwa risasi huku tarehe 25 Machi 1918, Wajerumani wakisonga mbele. Askari wake walijaribu kumvuta chini ya risasi, inasimuliwa mmoja wao alikuwa kipa wa zamani wa klabu ya Leicester, wakashindwa. Mwili haukupatikana.

Tukarudi Arras, kwenye ukuta wa ukumbusho wenye majina karibu 35,000 ya wasio na kaburi. Dereva akashuka nami, tukasoma nguzo baada ya nguzo mpaka tukampata kwenye kikosi cha Middlesex. Herufi safi, zinasomeka.

Nikawaza ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam. Iliwekwa 1927, na maandishi yake yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe hawakuliandika, hata moja. Babu wa baba yangu alichukuliwa upagazi vita hiyo hiyo, akaishia huko. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza kumbukumbu hizi ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakuandikwa popote kwa majina. Ukuta wa Arras ni wa tume hiyo hiyo. Kwa hiyo mawe yalikuwepo, na mafundi walikuwepo.

Dereva alinyamaza kidogo, kisha akauliza nashabikia nani nyumbani. Nikasema Simba. Hadi stesheni akawa ananikumbusha yale mabao manne tuliyofungwa na TP Mazembe ya kwao mwaka 2019, na nauli akaichukua yote.