Nilivyojifunza kutambua senti adimu kwenye chenji za dukani

Nafanya kazi ya kaunta katika duka dogo la vyakula hapa Marekani, na chenji hupita mikononi mwangu kutwa. Watu wa nyumbani wakisikia kwamba natazama sarafu kwa kioo cha kukuzia, huuliza kwanza imeniingizia kiasi gani. Nitafika huko. Kwanza nieleze kilichonifumbua macho: kuelewa jinsi senti inavyotengenezwa. Ukishika sarafu yenye kitu cha ajabu, jiulize jambo hilo lingeweza kutokea katika hatua gani ya kiwandani. Kama hakuna hatua inayoweza kulizaa, basi limetokea barabarani, mfukoni au mikononi mwa mtu, na senti hiyo inabaki na thamani ya senti moja.

Hatua zenyewe si nyingi. Bamba la madini hukatwa visahani vya duara. Visahani hupita kwenye mashine inayoinua ukingo. Kisha kila kimoja huingia kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa nyuma, kikapigwa kwa nguvu kubwa. Ila mihuri nayo ina namna yake ya kuzaliwa, na huko ndiko kwenye utajiri.

Kwa miaka mingi muhuri mpya ulipata picha yake kwa kukandamizwa na chapa mama mara kadhaa. Chuma kikikandamizwa hukaza, hivyo ilibidi kirudi tanuruni kilainike, halafu kikandamizwe tena. Kikirudi kimekaa upande hata kidogo, picha ya pili hailali sawasawa juu ya ile ya kwanza. Muhuri wa namna hiyo ukifungwa mashineni, kila senti inayopigwa nao hutoka na maandishi maradufu. Ndivyo ilivyokuwa katika kiwanda cha sarafu cha serikali kilichoko Philadelphia mwaka 1955. Kasoro ilipogunduliwa, senti zile zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine nyingi nzima, na wakubwa wa kiwanda wakaamua ziende tu. Zinakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000. Nyingine ziliwafikia watu zikiwa chenji iliyobandikwa kwenye pakiti za sigara za kununua mashineni. Tarehe na neno LIBERTY juu yake vinaonekana mara mbili hata bila kioo.

Hiyo ya 1955 siitegemei kaunta. Ninazozitafuta ni zile ambazo bado zinazunguka, na kila mwaka una mahali pake pa kutazama. Mwaka 1972 na 1995, natazama LIBERTY na IN GOD WE TRUST. Mwaka 1983, nageuza nyuma na kusoma maandishi yote. Mwaka 1984, natazama sikio la Lincoln, rais ambaye kichwa chake kiko kwenye senti, kama lina ndewe ya pili chini yake. Mwaka 1998, 1999 na 2000, nasoma AMERICA upande wa nyuma: kwenye senti za kawaida herufi A na M karibu zinagusana, na kwenye zile adimu zina mwanya wa wazi, kwa sababu muhuri uliokusudiwa kwa sarafu maalumu za wakusanyaji ulitumika kupiga za kawaida. Kuzijua sehemu hizi kuliniokolea muda mwingi. Anayetazama senti nzima kila mara huchoka mapema, na macho yaliyochoka huanza kuona vitu ambavyo havipo.

Sasa nifike kwenye jambo linalowasumbua watu kuliko yote. Kijana mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi alinijia siku moja na senti mkononi, amefurahi.

“Dada, tazama tarehe hii. Si ni mbili mbili?”

“Ni kweli mdogo wangu, kuna mstari wa pili. Sasa inamishe taratibu chini ya taa. Ule mstari umevimba kama herufi, au umelala bapa kama ngazi?”

Akatazama sana. “Umelala.”

“Basi muhuri ulicheza wakati wa kupiga.”

Muhuri ukilegea mashineni, huteleza kidogo mara tu baada ya kupiga na kukwangua pembeni mwa herufi iliyotoka kuumbwa. Unabaki ukingo bapa, wa chini, unaong'aa, na herufi yenyewe inakonda kwa sababu imekatwa. Senti kama hizo zimejaa tele na wakusanyaji hawazilipii ziada. Maradufu iliyotoka kwenye muhuri wenyewe huwa na nyama: herufi inanenepa, picha zote mbili zimeinuka na kuviringana, na kwenye pembe za herufi kuna pengo dogo mahali zinapoachana. Nilipolishika hili, nusu ya mashaka yangu yaliisha. Taa nayo ina kazi kubwa hapa kuliko kioo. Taa moja itoke ubavuni, kioo cha kukuza mara 10 kinatosha, na sarafu izungushwe polepole, kwa sababu kivuli cha upande mmoja kinaweza kuigiza mstari wa pili.

Mwaka 1982 senti ziliacha kuwa za shaba asilimia 95 zikawa za zinki iliyopakwa shaba, na uzito ukashuka kutoka gramu 3.11 hadi 2.5. Senti za 1982 nazipima zote kwa mizani ndogo, kwa sababu mwaka huo kuna za shaba na za zinki, zenye tarehe kubwa na tarehe ndogo, za Philadelphia na za kiwanda cha Denver zenye alama D. Mchanganyiko ambao haukupaswa kuwapo, yaani D yenye tarehe ndogo ya shaba, ulijulikana mwaka 2016 pale mtu alipopima senti yake. Zinki imeleta matatizo mengine pia. Ile ngozi nyembamba ya shaba hutoka malengelenge, au hupasuka pembeni mwa herufi ikaacha mstari wa kijivu unaofanana na maandishi mawili. Rangi hiyo ya kijivu ndiyo inayosema ukweli.

Sarafu iliyokatika kipande nayo ina ushahidi wake, na huu naupenda kuliko wote. Kisahani kikikatwa mahali palipogusa tundu la kisahani kilichotangulia, hutoka na pengo la mviringo. Kikipita kwenye mashine ya kuinua ukingo, upande unaoelekeana na pengo haupati mkandamizo wa kutosha. Kwa hiyo senti ya kweli ina ukingo hafifu upande wa pili, mkabala na pengo. Aliyekata kwa mkasi nyumbani hawezi kuutengeneza udhaifu huo. Nyingine zinazoletwa sana ni zenye ukingo mnene uliojikunja kwa ndani, na maandishi yamesogea katikati. Hizo zilinasa ndani ya mashine ya kukaushia nguo zikazungushwa muda mrefu. Hakuna hatua ya kiwandani inayofanya hivyo.

Na mapato? Nimepata 1995 yenye maradufu safi kwenye LIBERTY, senti kadhaa zilizopigwa kando kidogo ya katikati, na robo dola yenye alama W, ya kiwanda cha West Point. Thamani yake si ya kuacha kazi. Hiyo ya 1995 sikuipeleka kwa wataalamu kukaguliwa ubora na kufungwa kwenye kasha, kwa kuwa ada ingekaribia au kupita bei yake. Nimeiweka kwenye kikaratasi chenye dirisha la plastiki, bila kuiosha wala kuisugua. Sarafu iliyosuguliwa imeshushwa thamani, na haiponi.

Novemba 2025 Philadelphia ilipiga senti za mwisho za matumizi ya kawaida. Zilizopo bado ni fedha halali, lakini kaunta yangu inazipokea kidogo kidogo, kwa hiyo sasa naelekea kwenye robo dola. Zenye W, za 2019 na 2020, zilitoka West Point milioni 2 kwa kila picha, na alama yake inasomeka kwa macho tu. Ya Wisconsin ya 2004 yenye D inataka utulivu zaidi: tazama upande wa nyuma, kwenye gunzi la hindi, utafute jani la ziada kushoto, linaloelekea juu au lililoinama chini.