Siku yangu moja msimu wa maua ya plamsi, Lushoto

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia, nikafungua dirisha kuangalia ukungu, maana huku kwetu milimani mwisho wa mwezi wa nane ukungu ndo unaamua kila kitu, ukigoma kuondoka mpaka saa sita mchana ujue siku imekwenda na maua yake. Leo upo ila mwepesi. Mke wangu kasikia upepo juu ya bati akasema huu hautafika saa nne, na yeye kwa ukungu huwa hakosei.

Saa 12 na nusu niko shambani. Miti 64 ya plamsi, yote aina ya Santa Rosa, miche niliyonunua siku moja sehemu moja, na hapo ndo kosa langu lilipoanzia. Mwaka jana shamba lilikuwa jeupe kama limevikwa shuka, watu wanapita wanapiga picha, afu baada ya wiki tatu nne vitunda vya ukubwa wa harage vikaanza kugeuka njano na kudondoka, kila asubuhi nakuta vimetapakaa chini. Nikasema ni ugonjwa, nikapiga dawa, hela imekwenda na vikaendelea kudondoka. Siku moja nikachukua kisu nikapasua kama ishirini hivi, karibu vyote ndani kiini kimesinyaa, cha kahawia. Yani havijawahi kupata mbegu. Mti haulei tunda ambalo halina mbegu ndani, unaliachia tu. Santa Rosa inajichavusha yenyewe kidogo, ila ikipata chavua, ule unga wa kwenye maua, kutoka aina nyingine inabeba zaidi sana, na mimi sikuwa na aina nyingine hata mti mmoja.

Saa 2 nikapanda kwa mjomba, yeye ana miti mitatu ya zamani ya Methley, aina nyingine ya plamsi, na miwili imechanua wakati mmoja na yangu.

"Shikamoo mjomba."
"Marahaba mjomba. Umekuja na mkasi, kwahiyo leo unanikatia plamsi zangu zikiwa maua?"

Nikamwambia ntamrudishia ndoo mbili za kubwa kubwa mavuno yakija, akacheka akanionyesha mwenyewe matawi ya kukata, yale yaliyobanana katikati ambayo yangekatwa tu. Unachagua tawi lenye maua machache yaliyofunguka na vitumba vingi, ili liendelee kufunguka siku kadhaa likiwa kwenye maji. Nikashuka nayo begani mafungu manane, kila fungu kwenye ndoo ya maji, ndoo nikazitundika katikati ya miti yangu.

Saa 4 jua likatoka na hapa ndo naomba mnielewe, siku nzima ya mkulima wa plamsi msimu huu ni haya masaa manne matano. Nyuki wetu baridi ikiwa chini ya kama nyuzi 13 hawatoki, mvua hawatoki, upepo mkali hawatoki. Na ua lenyewe linapokea chavua siku chache tu, afu chavua ikishatua bado inatakiwa ishuke mpaka kwenye kiini, na kwenye baridi inashuka polepole mpaka mda mwingine kiini kinakufa kabla haijafika. Mizinga yangu miwili niliileta usiku wa juzi maua yakiwa yameanza kufunguka kama moja kwenye kumi. Mwaka jana niliileta mapema mno, nyuki wakazoea mikaratusi ya ng'ambo, plamsi zikachanua wao wanapita juu kwa juu. Leo nilisimama chini ya mti mmoja nikasikia ule mvumo, nikamwona mmoja katoka kwenye ndoo ya Methley miguu ya njano akatua kwenye ua langu, kiukweli machozi yalinilenga.

Saa 5 nikasikia bomba la dawa. Jirani yangu, mzee wa heshima, anapulizia viazi, na upepo unakuja kwangu. Nilikimbia ila nilipofika nikapunguza mwendo, huwezi kumfokea mzee shambani kwake. Nikamwamkia, nikamweleza kuwa nyuki wako kazini saa hizi, dawa hii ikiwagusa hawarudi mzingani, na hata maboga ya mama pale pembeni yanabebeshwa na hao hao. Akaniuliza, "Na wadudu kwenye viazi vyangu wakisubiri jioni, watakaa njaa?" Ana haki, viazi ndo ada ya wajukuu wake. Nikamwomba aniachie bomba, saa 12 jioni ntakuja kupulizia mwenyewe. Akaniangalia, akalitua.

Saa 7 ugali na mnafu chini ya mti.

Saa 10 zamu yangu ya maji ya mfereji. Kiangazi hiki mti ukikauka sasa hivi unaangusha hata vitunda vyenye mbegu, na ukiutuamishia maji mizizi inakosa hewa unaangusha vile vile, kwahiyo kidogo kidogo, afu nafunika na majani makavu. Yuria siweki sasa, itaniletea majani tu.

Saa 12 nimepulizia viazi vya mzee, nyuki wote wamesharudi.

Saa 2 usiku naandika kwenye daftari. Nimefunga utepe kwenye matawi manne, mawili karibu na ndoo na mawili mbali, maua nimeyahesabu, baada ya wiki tano ntahesabu vitunda. Matokeo yakiwa mazuri, mwakani mwezi wa saba kabla vitumba havijaamka ntabebesha vikonyo vya Methley, yani kuviunganisha kwenye matawi ya Santa Rosa, mti mmoja kila miti tisa, niachane na ndoo.

Mjomba kapiga simu sasa hivi, anasema ule mti wake wa tatu umechelewa, keshokutwa ndo utafunguka, niwahi asubuhi na ndoo zangu.