Nilivyoacha kukimbia na kuanza kushinda bakigamoni

Kila aliyenitangulia kwenye bakigamoni, mchezo wa ubao ambao watu wawili hurusha dadu mbili na kushindana kufikisha kete zao nyumbani na kuzitoa, aliniambia neno lile lile: ukiachwa nyuma, toa kete zako za nyuma haraka, kimbia nazo. Ushauri huo unanikera hadi leo. Aliyeachwa kwa hatua 20 na zaidi akikimbia, anakimbilia kushindwa, labda apate dabo kubwa, yaani dadu zote mbili zitoe namba ile ile kubwa, ambayo huchezwa mara nne.

Mimi nashinda kwa kushikilia. Kete mbili zinatia nanga upande wa mpinzani, yaani zinakaa pamoja mahali pamoja asipoweza kutua, na hazing'oki, yeye ndiye atafute namna ya kupita mbele yake. Nanga ninayoipenda ni pointi ya 20 kati ya nafasi 24 za ubao, nikihesabu kutoka nyumbani kwangu. Kwake ni ya 5. Ukiwa nayo, ukiliwa (kete iliyo peke yake ikigongwa, hutolewa na kuanza upya nyumbani kwa mpinzani) una mahali pa kuingilia, na kufungwa gamoni, yaani kulipa dau mara mbili, ni nadra.

Wengi huweka nanga vizuri kisha wakaiachia pointi ya 13 mapema. Mimi naing'ang'ania. Mpinzani akibakiza kete moja kwenye 13 yake, ambayo kwangu ni 12, kete hiyo iko hatua 8 kutoka nanga ya 20. Katika mirusho 36 inayowezekana, 6 tu ndiyo inaila. Ila nikiwa bado na kete kwenye 13 yangu, niko hatua moja tu kutoka pale, kila 1 inakula, na mirusho inapanda hadi 17. Karibu nusu!

Kuna mchezo mmoja nausimulia hata nisipoulizwa. Mpinzani alibakiza hatua 93, yaani jumla ya mwendo wa kete zake zote hadi kumaliza, mimi 117. Alikuwa na kete mbili kwenye 13 yake, mbili kwenye 8, na 11 zimejazana kwenye 6, 4 na 3. Mimi nilikuwa na nanga yangu, kete mbili kwenye 13, na nyumbani nimefunga pointi nne mfululizo, 3 hadi 6, na kete tatu za ziada juu yake za kuchezea namba ndogo. Alishanipandishia dau hadi 2 (anayekataa hushindwa papo hapo kwa dau la awali), nami nikakubali.

Wakati wa kusubiri, watu huangalia kete zao. Mimi nilihesabu za kwake. Kuanzia 1 hadi 5 angeweza kuchezea ndani bila kugusa zile jozi mbili za nje. Ila 6 ingemlazimu kuzigusa. Akipata 6-5, 6-4 au 6-2 angehamisha jozi yote ya 8 na kupona. Lakini 3 kutoka 8 inaangukia 5, na pale nimekaa mimi.

Akarusha 6-3.

Mkono ukaenda kwenye 8, ukarudi, ukaenda kwenye 13, ukarudi. Akiacha kete moja kwenye 13 ananipa mirusho 17. Akiiacha kwenye 8 ananipa 13: kila 3, pamoja na 2-1. (1-1 isingenisaidia, kwani inagonga 6 yake iliyofungwa.) Akachagua 8, uamuzi wa busara kabisa, nami nikarusha 4-3. 3 ikaila, na 4 ikaipeleka kete ile ile hadi 13, kwa wenzake. Ile moja niliyoiacha kwenye 20 angeifikia kwa mirusho 3 tu kati ya 36: 2-1 na 1-1. Alikuwa na pointi mbili tu za kuingilia, akarusha, hakuingia. Nikapandisha dau hadi 4 papo hapo, akakataa.

Kuhusu dau, usiogope kukubali kwa sababu tu uko nyuma. Ukikataa michezo minne unapoteza 4. Ukikubali yote ukashinda mmoja, unapoteza 6 na kupata 2: ni yale yale. Kwa hiyo ukiona unaweza kushinda zaidi ya robo, kubali, mradi gamoni haikutishi. Na ukiwa na nanga ya 20, mara nyingi robo hiyo ipo hata pale ambapo kwa mbio tupu ungekataa.

Nanga ya 18 nayo naitumia. Iko hatua 6 kutoka 13 yake, kwa hiyo kete iliyoachwa pale inakabiliwa na mirusho 17 ya nanga peke yake. Tatizo lake ni kwamba akishaivuka 13 salama, nanga hiyo inabaki na kazi ndogo.

Wakati wa kung'oka pia upo. Ukipata 6-6 ukiwa 20, toa zote mbili hadi 8: hatua 24 kwa mrusho mmoja, na pengo kama lile langu linafutika. 5-5 nayo huzitoa zote mbili hadi 10. Ila kwa 6-2 au 5-1 za kawaida sigusi nanga, hata nikishauriwa na nani.

Mwenye GNU Backgammon, programu ya bure, apange mkao ule wa 93 kwa 117, acheze upande wangu dhidi ya kompyuta, kisha ageuze akae upande wa pili aone zile 6 zinavyobana.