Nimerudi, na Esau bado yuko njiani

Bwana asifiwe. Wengi mmeniuliza kwa nini nimerudi nyumbani wakati hakuna kazi iliyokuwa inanisubiri, sina pa kwangu pa kulala, na wenzangu wa rika langu walishajipanga zamani. Kila mara nimejibu kwa mkato. Leo nijibu kwa kirefu kidogo.

Nimerudi kwa sababu niliamini Mungu ananiambia nirudi. Najua maneno hayo yanavyosikika. Hata mimi nikiyasikia kwa mwingine huwa namtazama mara mbili, maana wapo waliomsingizia Mungu mambo mengi yaliyotoka kwenye hasira au uchovu wao tu. Kwa hiyo niliichunguza nia yangu muda mrefu, na muda huo wote nilikaa na habari za Yakobo wa kitabu cha Mwanzo.

Huwa tunamsimulia Yakobo kama mtu aliyekimbia. Safari yake ya kurudi tunaipita haraka, na kwangu ndiyo yenye uzito. Rebeka mama yake alipomwambia aende Harani kwa mjomba wake Labani, alimwambia akae huko siku chache, mpaka ipoe hasira ya Esau, kaka yake aliyemnyang'anya baraka ya baba yao. Siku chache! Kila aliyeondoka nyumbani anaijua hesabu hiyo. Zikawa miaka 20: miaka 14 ya kumtumikia Labani ili aoe binti zake, 6 kwa ajili ya kundi la mifugo, na mshahara ukibadilishwa mara 10. Na anaporudi, Isaka baba yake bado yu hai, ila hakuna mstari unaosema Rebeka alimpokea. Anatajwa mlezi wa Rebeka, Debora, kwamba alikufa na kuzikwa karibu na Betheli. Mwingine anaweza kusoma akaendelea. Mimi pale huwa nafunga Biblia kwanza. Waliofiwa wakiwa mbali hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa tazameni agizo lenyewe, Mwanzo 31:3. Mungu anamwambia arudi nchi ya baba zake na kwa jamaa zake, naye atakuwa pamoja naye. Basi. Hamwambii kwamba Esau amesamehe. Hamwambii kwamba Labani atamfukuza mbio siku saba. Ahadi ni ya kuwa naye tu, na mambo yote ambayo mtu angependa kuyajua kabla ya kufunga mizigo yameachwa bila neno. Anatii, anaondoka, anapita salama kwa Labani, malaika wa Mungu wanakutana naye Mahanaimu. Halafu wajumbe aliowatuma kwa kaka yake wanarudi na habari: Esau anakuja kukulaki, na ana watu 400 pamoja naye.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda. Mtu ametii, na utii wake umempeleka moja kwa moja kwenye lile aliloliogopa kwa miaka 20. Nyuma kwa Labani walishaweka mpaka wa mawe, harudi huko. Mbele watu 400. Biblia haimfichi: inasema aliogopa sana na kufadhaika.

Nimesikia mahubiri yanayomlaumu kwa alichofanya baada ya hapo. Aligawanya watu na mifugo kuwa matuo mawili, ili moja likipigwa lingine liokoke. Kisha akaomba. Kisha akatoa zawadi ya wanyama zaidi ya 500, mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, akawatanguliza kundi baada ya kundi, na nafasi kati yao. Wanasema huo ni upungufu wa imani. Mimi sikubaliani. Isomeni sala yake katikati ya mipango hiyo: anamkumbusha Mungu kwamba yeye ndiye aliyemwambia arudi, anakiri kwamba aliuvuka Yordani akiwa na fimbo tu, na anasema wazi kwamba anamwogopa Esau. Kama angekosa imani asingekuwa kwenye njia ile kabisa. Angegeuza ngamia.

Ezra, kuhani aliyeongoza Wayahudi kurudi Yerusalemu kutoka Babeli, naye aliona haya kumwomba mfalme wa Uajemi askari wa kumlinda njiani, kwa kuwa alishamwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Akatangaza mfungo penye mto Ahava, wakasafiri bila ulinzi na wakafika. Nehemia, aliyekuja baadaye kujenga ukuta wa Yerusalemu, alisafiri na maakida wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme, na yeye pia anasema mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake. Kwa hiyo nilipokuwa naomba na huku natafuta wa kuniambia ukweli kuhusu kazi, dhamiri haikunisumbua.

Na mimi nimepokelewa vizuri kuliko nilivyoogopa, upande mmoja. Upande mwingine bado mambo ni magumu, na mengine hayaandikiki hapa. Esau alimkimbilia Yakobo, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Lakini Yakobo alifika pale akichechemea, usiku aliopigana mieleka na mtu asiyemjua mpaka alfajiri ulikuwa umemwacha na nyonga iliyoteguka. Na Esau alipomkaribisha kwake Seiri, hakwenda. Alikwenda Sukothi akajenga nyumba yake huko. Napenda sana kwamba Biblia haikulificha jambo hilo. Ndugu wanaweza kupatana kwa machozi ya kweli na bado kila mmoja akakaa kwake.

Kwa mnaoniandikia mkiwa huko mbali, mkiuliza kama na nyie mrudi: mimi siwezi kuwajibia. Wayahudi waliopelekwa Babeli waliandikiwa na nabii Yeremia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoe na kuoza, waombee amani ya mji ule, kwa sababu miaka 70 ilikuwa haijatimia. Kwao kubaki ndiko kulikuwa kutii, na aliyewatabiria kurudi upesi, Hanania, aliambiwa amewatumainisha watu uongo. Baadaye Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipotoa ruhusa ya kurudi, waliorudi katika kundi la kwanza walihesabiwa 42,360, bila watumishi wao. Wengine wengi walibaki. Majirani wao wakawatia nguvu wasafiri kwa vyombo vya fedha, dhahabu, mali na wanyama.

Mimi wiki hii naanza kibarua kidogo nilichopata, hakifanani kabisa na nilichosomea. Kaka yangu mkubwa amekubali tuonane. Niombeeni.