Nilivyoionja Linux kwa flashi kabla ya kuhamia

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 4GB. Kila miezi michache nilikuwa nampelekea fundi "aipige Windows" upya, na mara ya mwisho ilirudi bila picha za harusi ya dada. Oktoba 14, 2025 Microsoft wakamaliza kuihudumia Windows 10, na Windows 11 ikaikataa mashine kwa kukosa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Fundi akasema nunua nyingine. Kwa hela ipi?

Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, niliijua kwa jina tu, nikidhani ni ya wale wa kuandika programu kwenye skrini nyeusi. Kumbe unaweza kuionja kwanza. Nilishusha Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, toleo la Xfce, lile jepesi. Faili linakaribia GB 3, basi nikangoja bando la usiku. Nikaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Ukilinakili tu kama unavyonakili wimbo, mashine haiwaki nalo. Hilo lilinila jioni nzima. Nikawasha huku nabonyeza F12 ili kupata menyu ya kuchagua pa kuwakia, nikachagua flashi, na Mint ikafunguka bila kugusa diski. Ukichomoa flashi na kuwasha upya, Windows yako iko vilevile.

Kilichonivuta kabisa ni shangazi. Alitoka stesheneri kuprinti, flashi yake imejaa shotikati za kirusi badala ya mafolda yake. "Mwanangu, hesabu za kikoba zote zimepotea!" Nikaichomeka kwenye Mint: mafolda yote yale pale. Kirusi kile huyaficha tu kwa alama ambayo Windows huitii. Linux haijishughulishi nayo. Nikanakili kila kitu, nikaformati flashi, shangazi akanywa chai kwa amani.

Wiki hiyo nikaiinstoo, baada ya kuhamishia faili zangu kwenye diski ya nje. Wifi iligoma, nikachomeka simu kwa waya wa USB kupata intaneti, kisha Driver Manager ya Mint ikanitafutia draiva, yaani programu ya kuiendesha wifi. LibreOffice, programu ya ofisi ninayotumia kwenye Mint, inafungua faili za Word, ila majedwali ya CV hucheza, kwa hiyo natuma PDF. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, mimi simshauri ahame.

Juzi shangazi kaja kuomba "hiyo ya kwako". Nimempa flashi tu ajaribu, na kikaratasi nimemwandikia F9 badala ya F12, maana laptopu yake ni HP.