Gego Lililotibiwa Mzizi Lisiachwe Bila Kofia

Gego langu la chini, upande wa kushoto, limevishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kutengenezwa kinacholifunika jino lote juu ya ufizi, na tangu liliporudi kazini ndugu na majirani hapa Mwanza wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: kwa nini nigharimie jino lililooza wakati kung'oa ni kazi ya muda mfupi na ya bei nafuu? Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaoliuliza wamekulia mahali ambapo jino linalouma huondolewa, na wengi wao hawajawahi kuelezwa kwamba ipo njia nyingine. Shangazi yangu wa Ukerewe aliniambia waziwazi, "Mwanangu, jino likishakunyima usingizi halina faida tena, litoe." Nilimjibu kwa kifupi, kama inavyompasa mtu mbele ya mkubwa wake, hapa najibu kwa kirefu.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto na hawalijali, ilhali ndilo litakalotafuna kwa miaka mingi kuliko magego mengine yote. Langu lilizibwa nikiwa bado mwanafunzi, na miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikitafuna michembe mikavu ambayo haijapikwa, kona yake moja ikamegeka. Michembe hiyo ya viazi vitamu, ambayo kila nyumba ya Kisukuma inaijua, haikuwa na kosa. Daktari alinionyesha kwamba uozo ulikuwa umeendelea chini ya ile ziba ya zamani na kuacha kuta nyembamba mno. Gamba la nje la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lakini likishaliwa haliwezi kujiotesha upya, na kuta zisizo na kitu cha kuzishikilia kwa ndani hukatika.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba uozo umefika kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu, na hivyo nikatibiwa mzizi: kiini kikaondolewa, njia za ndani ya mizizi zikasafishwa na kujazwa, na maumivu yakaisha. Ni katika hatua hii hasa ambapo wengi hupoteza meno yao. Mtu akishalala usiku mzima bila kuumwa huona kwamba amepona, fedha aliyotenga kwa ajili ya kofia huenda kwenye ada ya shule au mbolea, na gego hubaki na ziba pekee. Ninawaelewa kabisa, lakini nasikitika kila ninaposikia habari hiyo, kwa kuwa mwisho wake unajulikana. Gego lililotibiwa mzizi limekwisha kutobolewa katikati ili kuyafikia yale yaliyomo, juu ya kile kilichokwisha kuliwa na uozo. Kila linapotafuna, vilele vyake husukumwa kwenda nje, upande huu na upande ule, kama gogo lililopigiwa kabari. Likipasuka juu juu, laweza kutengenezwa. Ufa ukishuka hadi kwenye mzizi, kwa kawaida hakuna tena la kufanya ila kung'oa, na gharama yote ya kutibu mzizi inakuwa imepotea. Kofia hulifunika gego pande zote na kuzishikilia kuta zake zisiachane.

Hata hivyo, si kila jino bovu linahitaji kofia, na si haki kumtisha msomaji. Tundu dogo linatosha kuzibwa. Jino la mbele lililotibiwa mzizi huku sehemu yake kubwa ikiwa bado nzima mara nyingi halihitaji kofia, kwa kuwa halibebi mzigo kama wa magego. Kwa upande mwingine, kofia haiwezi kushika mahali ambapo hapana kitu: daktari hutaka jino zima, lisilooza, libaki kiasi cha milimita 2 hivi juu ya ufizi kuzunguka pande zote, ili kofia ipate pa kukumbatia. Ndiyo sababu anayechelewa mno huambiwa kwamba haiwezekani tena.

Kazi yenyewe haina maumivu ya kutisha. Nilipigwa ganzi, kisha daktari akalipunguza gego kwa mashine huku maji yakirushwa bila kukoma ili joto lisidhuru jino na nyama iliyo jirani. Sehemu ya juu hupunguzwa kiasi cha milimita 1 hadi 2, kulingana na aina ya kofia, la sivyo kofia ingekaa juu kuliko meno mengine. Baada ya hapo nilichukuliwa umbo la meno kwa ule ujiuji unaoganda mdomoni, rangi ya meno yangu ikalinganishwa na vipimo vya rangi, na nikawekewa kofia ya muda wakati fundi wa maabara akiitengeneza ile ya kudumu. Siku ya kuivaa, daktari aliijaribu kwanza bila kuigandisha, akanitafunisha karatasi yenye rangi ili aone inapogusa kwa nguvu, akasaga kidogo na kurudia mpaka nikasema iko sawa. Ninasisitiza jambo hili: mgonjwa asione haya kusema kwamba bado anaihisi iko juu, hata kama foleni nje ni ndefu, kwani kofia iliyo juu kidogo tu huumiza jino na kuchosha taya.

Kofia za chuma kitupu ni imara na hazihitaji jino kupunguzwa sana, ila huonekana. Za chuma kilichofunikwa kauri hupendeza, ingawa kauri hiyo yaweza kumeguka. Za zirkonia, ambayo ni aina ya kauri imara, ni ngumu na zina rangi inayokaribia ya jino. Kwa gego la nyuma, mimi ningetanguliza uimara kuliko sura.

Kwa wanaotoka visiwani, tatizo kubwa ni kwamba kofia ya kutengenezwa maabara humtaka mgonjwa afike angalau mara mbili baada ya mzizi kutibiwa. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu ya barabara tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lakini wa Nansio, kisiwani Ukerewe, bado hupanga safari yake kwa ratiba ya meli. Nilimshauri shangazi, ambaye naye ana gego lililotibiwa mzizi, amwombe daktari tarehe zote mbili na bei yote kwa pamoja kabla kazi haijaanza.

Kofia iliyotunzwa vizuri hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine zaidi. Yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake laweza kuoza pale ukingo wa kofia unapokutana na ufizi. Hapo ndipo pa kupigiwa mswaki kwa uangalifu zaidi, na katikati ya meno papitishwe uzi. Ikitokea imebanduka, isitupwe wala isirudishwe kwa gundi ya dukani. Ioshwe, iwekwe katika kichupa safi, na mwenye nayo amwone daktari wa meno mapema, kwa sababu gego lililopunguzwa likiachwa wazi, meno ya jirani husogea na kofia ile ile haitaingia tena.